Mke wa Ubaoni

Harufu ya asumini ilikuwa kwenye vifundo vya miguu ya Mrisho, si kwingine. Ingekuwa shingoni au kwenye kola ya shati, Sitara angejua la kufanya. Angeuliza jina la huyo mwanamke, angemfuata mpaka kwao, na Mtaa wa Mchikichi mzima ungepata cha kusimulia. Lakini vifundoni? Mwanamke gani humshika mume wa mtu vifundoni? Alikuwa amechuchumaa uani akimmwagia maji miguuni, akanusa mara moja, akanusa tena, kisha akasugua kwa nguvu mpaka Mrisho akauliza kama anaoshwa miguu au anaparwa magamba.

"Ulikuwa wapi?"

"Si chumbani? Nilikuwa kwenye ubao wangu."

Ubao wangu! Sitara akamwaga maji yaliyobaki kwa hasira, mengine yakamrukia mwenyewe.

Mrisho alikuwa mchukuzi wa magunia pale Kariakoo, miaka ile soko jipya lilipokuwa linajengwa. Miaka kumi na miwili ya mpunga na maharage ilimkalia mgongoni, na mwishowe kiuno kikagoma. Kila siku alirudi amepinda, akajilaza kifudifudi mkekani, na Sitara akamkanda kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, kuanzia mabegani hadi nyongani. Na tuseme kweli, Sitara aliyapenda maumivu yale. Hakuwa na mtoto wala mapishi ya kusifiwa, lakini mikono yake ilikuwa na kazi ambayo hakuna mwanamke mwingine Dar es Salaam aliyepewa nafasi ya kuifanya.

Kisha mzee mmoja wa Kihindi wa Upanga, ambaye nyumba yake ilitaifishwa, akawa anahamia kwa mwanawe ng'ambo. Mrisho alimbebea masanduku, na yule mzee alipomwona anashika kiuno akampa ubao. Ulikuwa mrefu kama kitanda cha mtu mmoja, umeshikiliwa katikati na chuma juu ya miguu minne. Unalala, unafunga vifundo kwa mikanda ya ngozi, unainua mikono, na ubao unapinduka taratibu mpaka kichwa kinaning'inia chini na uzito wa mwili unaunyoosha uti wa mgongo.

"Mimi umeninyoosha miaka ishirini," mzee alimwambia, "tangu mke wangu aliponikimbia."

Mrisho alimsimulia mkewe maneno hayo huku akicheka. Sitara hakuona cha kuchekesha.

Wiki ya kwanza alining'inia dakika tano kila mchana baada ya chakula. Wiki ya pili nusu saa. Wiki ya tatu Sitara aliposhika kikopo cha mafuta, Mrisho akasema, "Leo usijisumbue, mgongo uko sawa." Kesho yake akasema vilevile. Mafuta yakaganda kikoponi, na wivu ukamshika Sitara. Kumwonea wivu mwanamke mwenzako ni jambo la kawaida, lakini ubao! Angemwambia nani?

Aliyeanza kusema alikuwa Severa, Mchaga mwenye duka dogo, aliyepanga chumba kinachotazamana na chao.

"Dada Sitara," alinong'ona siku moja wakichambua mchele uani, "mimi si mtu wa maneno. Lakini huyo shemeji huko ndani anaongea na nani?"

"Aongee na nani? Yuko peke yake."

"Haya. Ila mtu aliye peke yake haongei akibembeleza."

Sitara aliweka ungo chini. Jua la mchana lilikuwa utosini, mtaa wote umetulia kwa joto, hata mikokoteni imeegeshwa. Akanyata ukumbini na kuweka jicho kwenye tundu la ufunguo. Mrisho alikuwa ananing'inia kichwa chini, macho yamefumbwa, usoni ana tabasamu ambalo Sitara hakuliona tangu siku za fungate.

"Bado kidogo," alisema Mrisho polepole. "Usiniachie."

Usiku ule Sitara alilia ndani ya khanga yake. Kulipopambazuka alikuwa amekata shauri kwamba hatanyang'anywa mume na mbao. Akafungua sanduku la harusi, akatoa udi aliouweka akiba miaka saba na chupa ya mwisho ya marashi ya waridi. Akajipamba kwa khanga mpya aliyoipangia foleni nusu siku duka la ushirika. Mchana Mrisho alipokwenda kuoga, akaingia chumbani, akawasha chetezo chini ya ubao, akaweka sinia yenye halua na vikuba vya maua pale hasa ambapo kichwa cha mumewe kingefika, ili akifumbua macho akutane na mapenzi ya mkewe. Kisha akajificha nyuma ya pazia la kitanda. Alimsikia Mrisho akiingia, akisita kwa ile harufu, kisha ubao ukalia ukipinduka. Sitara akajitokeza, akasema kwa sauti ile aliyofunzwa unyagoni:

"Karibu. Karibu sana, chumba hiki ni chako."

Moshi wa udi, uliokuwa ukipanda wima, ukajikunja kuelekea miguuni mwake kana kwamba kuna mtu anauvuta kwa pua. Sitara akaufuata moshi kwa macho, kutoka kwenye kichwa cha mumewe kilichoning'inia, kupita kifua, kupita magoti, mpaka juu kwenye vifundo, na hapo akaona kwamba mikanda ya ngozi haikufungwa kabisa, ilikuwa imetundikwa msumarini ukutani pale alipoitundika yeye mwenyewe asubuhi wakati wa kufagia, na bado Mrisho alikuwa ananing'inia, mzima mzima, hashikwi na kitu chochote kinachoonekana, isipokuwa ngozi ya vifundo ilikuwa imebonyea sehemu tano upande huu na tano upande ule, na mabonyeo yale yalikuwa yanasogea, yanapapasa, yanashuka taratibu kwenye miundi kama mikono ya mkandaji anayeujua mwili anaoukanda.

"Ahsante, mke mwenzangu," sauti ya kike ikasema kutoka juu ya ubao. "Umenipokea vizuri."

Severa ndiye aliyemwokota Sitara ukumbini, alikokimbilia akazimia.

Mwalimu Zahoro wa Ilala, mwenye kisomo cha kufukuza majini, alikuja kesho yake pamoja na Abbasi, kaka yake Sitara. Alisikiliza yote, akapangusa miwani.

"Udi umemfukizia jini," alisema. "Sinia umemwekea. Karibu umetamka, tena mara mbili. Mke mwenza hupokewa vipi tena, mwanangu?"

"Nilimkaribisha mume wangu!"

"Mumeo ni mwenyeji. Mwenyeji hakaribishwi chumbani kwake. Kabla ya jana alikuwa mwizi wa dirishani, na mwizi ningemfukuza kwa aya. Sasa ameingia mlangoni, na mwenye nyumba ndiye aliyemfungulia."

Sitara akashika kichwa. "Basi tuuchome huo ubao."

"Ukiuchoma ataondoka na uti wa mgongo wa mumeo. Mwangalie."

Mrisho alikuwa ameketi mkekani. Tangu jana hakuwa amepanda ubaoni, na tayari alikuwa amekunjika paji la uso likigusa magoti, akihema kwa maumivu. Hata hivyo alimnyooshea mkewe mkono. "Sitara," alisema, "mimi sikujua. Nilidhani ni usingizi. Niondolee mtu huyu, nakuomba." Na Sitara, pamoja na wivu wake wote, akaushika ule mkono na kuubusu, kwa sababu siku nyingi hakuwa ameitwa jina lake kwa namna ile.

"Aliyeingia kama mke atatoka kama mke," Mwalimu Zahoro akasema. "Kwa talaka. Mrisho ataitamka pale pale anaposhikwa, tena tatu, asibaki na njia ya kurejea. Jina lake nimeshalipata kitabuni. Anaitwa Kaukabu."

Wakamlaza ubaoni. Abbasi akachukua mikanda, lakini haikuhitajika, kwani ubao ulipinduka wenyewe na miguu ikabaki juu. Mwalimu akasoma. Joto la mchana lilijaa chumbani, lakini Sitara alisikia baridi ikimpanda miguuni, na Severa, aliyesimama mlangoni, akaanza kufanya ishara ya msalaba. Kisomo kilipofika mwisho Mwalimu akainama karibu na sikio la Mrisho.

"Mtaje, kisha umwache."

Mrisho akavuta pumzi. Uso ulikuwa umeiva kwa damu, macho yamemtazama Sitara moja kwa moja, na yalikuwa macho yake mwenyewe, yenye upendo, yenye machozi yanayotiririka kuelekea kwenye nyusi.

"Sitara binti Fikirini," alisema kwa sauti kubwa na safi, "nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha."

Ubao ukarudi wima bila kuguswa, ukamtua Mrisho chini kwa miguu yake, taratibu, kama mtu anavyotuliwa na anayempenda. Akasimama. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa kijana wa miaka ishirini. Akajipapasa kiuno, akacheka kwa furaha.

"Imekwisha!" alisema. "Nimemwacha, Mwalimu. Mmesikia? Nimemtaja Kaukabu, mara tatu!"

Abbasi aliangalia sakafu. Mwalimu Zahoro alifunga kitabu chake.

"Si yeye aliyesema," Sitara akalia. "Mwalimu, mwambie, si yeye!"

"Sauti ilikuwa yake, mwanangu. Na sote tumesikia."

Mrisho hakuelewa wanalia nini. Alimwendea mkewe akiwa amefungua mikono, amenyooka, mzima, na Mwalimu Zahoro akanyoosha bakora yake kati yao.

"Usimguse," alisema. "Huyu si halali yako tena."