Sauti ya Saa Kumi

Kila siku saa kumi jioni, nikiwa nimeshavua sare za shule, kompyuta ya sebuleni ilisema: "Bibi, muda wa dawa! Usinidanganye, nakuona!" Bibi alicheka, akameza vidonge, akajibu, "Nimemeza, baba."

Ilikuwa sauti ya marehemu kaka yangu. Programu ile aliitengeneza mwenyewe alipokuwa mgonjwa.

Jumatatu kompyuta ilinyamaza. Mimi nilijua kwa nini. Jana yake nilitaka nafasi ya mchezo mpya, nikafuta mafaili yenye majina marefu nisiyoyaelewa. Nikajikausha.

Bibi alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, vidonge mkononi. "Labda amenichoka," alisema. Hakuvimeza. Kufikia Alhamisi miguu yake ilikuwa imevimba. Jamani, niliumia, lakini mdomo haukufunguka.

Siku hiyo alikuja shangazi, fundi wa kompyuta. Alipoifungua programu, maandishi yalitokea: maktaba ya sauti haipatikani.

"Programu ni nzima," alisema. "Ila haibebi kila kitu. Sehemu ya kutolea sauti inaiazima kwenye maktaba ya mfumo, faili la pamoja ambalo programu nyingine pia zinalitumia."

Akapakua maktaba mpya mtandaoni. Programu ikaikataa, ilitaka toleo lile lile la zamani alilotumia kaka. Toleo hilo shangazi alilitafuta mtandaoni kote, akalikosa.

"Nadhani diski inaharibika, inapoteza mafaili yenyewe," alisema kwa unyonge. "Mama, itabidi niifute yote, nianze upya."

"Na sauti ya mjukuu wangu?"

Shangazi alitikisa kichwa. Bibi akajifunika uso kwa khanga.

"Usifute!" nilipiga kelele. "Shangazi, ni mimi! Nilifuta mafaili Jumapili!"

Shangazi akafungua pipa la taka la kompyuta, ambako mafaili yaliyofutwa hubaki. Faili la maktaba ile ya zamani lilikuwamo humo. Akalirudisha mahali pake, akaiwasha programu.

"Bibi, muda wa dawa! Usinidanganye, nakuona!"

"Nakunywa, baba, nakunywa," bibi alijibu, machozi yakimtiririka, akipapasa mezani kutafuta vidonge.

Nilimpigia magoti kumwomba radhi. Shangazi akaniinua.

"Kukosea tunakosea wote," alisema. "Ungesema Jumatatu, ingekuwa kazi ya dakika moja. Faili nimelirudisha. Ila siku nne alizokaa hapa akidhani mjukuu wake amemchoka, hizo sina pa kuzitoa."