Zipu Iliyobaki Kidole Kimoja

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alishuka mtoni na mama yake na shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake, maana tangu aanze kusema hajanyamaza. Mama aliingia majini, akapita kwenye nguzo zilizofungwa nyavu zao, akatoa samaki. Shangazi alibaki ukingoni akiwapokea na kulalamika. Chiriku alibeba ndoo na kuongea.

Maji ya mto ule yalikuwa baridi mwaka mzima. Msimu uliopita mama aliugua homa ya mapafu, akalazwa, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba kifua chake kisilowe tena kwenye baridi ile. Tatizo likawa suruali yake ya kuvulia, ile ya mpira inayopanda hadi kifuani. Haikuingiza maji, lakini jasho lote lilibaki ndani, naye alitoka mtoni amelowa vilevile. Na akibanwa na haja, basi kazi nzima ilisimama: koti livuliwe, mikanda ya mabegani ishushwe, upepo umpige, shangazi ashikilie huku na kule.

Ndiyo maana muuza zana za uvuvi alipowaazima suruali ya aina mpya, waijaribu kwanza kabla ya kuamua kuinunua, nyumba nzima ilikuwa na la kusema. Kitambaa chake kilizuia maji na bado kikatoa jasho nje. Tumboni ilikuwa na zipu nene iliyopanda kwa mshazari kutoka nyongani hadi chini ya kifua.

"Zipu ni ya begi la shule," shangazi alisema. "Kitu cha kuingia majini hakiwekewi mlango."

"Wifi, wewe hujawahi kubanwa ukiwa ndani ya ile ya mpira," mama alimjibu.

Muuza zana alikuwa ametoa onyo. "Zipu ivutwe hadi mwisho kabisa. Ikibaki hata upana wa kidole, maji yatapita hapohapo. Na mchanga usiikaribie."

Sasa, huyu Chiriku alifanya nini mchana wa siku ileile? Aliivaa. Alimwita rafiki yake wa jirani, wakashuka mtoni, akajigaragaza kwenye mchanga akiigiza mvuvi aliyevuliwa na samaki. Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Alipotaka kufunga zipu, ilipanda vizuri, ikakaribia mwisho, ikagoma. Akavuta kwa nguvu zake zote. Kikabaki kidole kimoja.

"Mwambie mama yako," rafiki yake alisema, kisha akakumbuka ana kazi nyumbani.

Chiriku aliifunika zipu kwa ukanda wa kitambaa ulioshonwa juu yake, akaitundika suruali msumarini, na jioni ile hakusema neno. Shangazi alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Asubuhi, mama aliivaa pale ukingoni. Mikono yake ilikuwa tayari ndani ya glavu nene.

"Hebu nifungie, mwanangu, vidole vyangu havishiki kitu."

Chiriku alivuta. Zipu ikaishia palepale pa jana.

"Mbona kuna mchanga hapa?"

"Jana niliigusa kidogo tu, mama."

"Kidogo tu. Haya, imefika mwisho?"

Angesema wakati ule, yangeisha kwa kugombezwa. "Imefika," akajibu.

Mama alikaza mkanda kiunoni, akaingia majini. Maji yakamfika magotini, kisha mapajani. Alikuwa na furaha. "Wifi, nyepesi hii! Kama sijavaa kitu."

"Ngoja kwanza ufike kwenye kina," shangazi alisema.

Nguzo ya mwisho ilikuwa pale mto unapoanza kina, ambapo maji hufika mbavuni. Siku hiyo tawi kubwa lilikuwa limenasa kwenye wavu. Mama aliliona, akaanza kulielekea polepole, akipapasa chini kwa mguu kabla ya kila hatua. Maji yalipita mkanda wake.

"Mbona unatetemeka wewe, na aliye majini ni mama yako?" shangazi aliuliza.

Chiriku aliita. Mto ulikuwa na kelele, mama hakugeuka. Aliita tena. Mama aliinua mkono kumwambia asubiri, akasogea mbele. Hapo Chiriku aliiangusha ndoo, akaingia majini na sare yake ya shule. Baridi ilimkata pumzi.

"Mama, rudi! Zipu haijafika mwisho! Nilikudanganya!"

Mama alisimama. Aliweka mkono chini ya kifua, akakaa hivyo kidogo, kisha akageuka na kuanza kurudi. Shangazi alimdaka Chiriku kwa ukosi wa shati, akamtupa ukingoni, akampokea wifi yake.

Fulana ya mama ilikuwa imelowa chini ya kifua, doa la upana wa kiganja. Shangazi alimvua haraka, akamfunga blanketi kavu. Mama alikohoa. Wote wawili walimtazama wakisubiri akohoe tena. Chiriku alilia bila sauti. Mama hakukohoa tena.

Shangazi aliichukua suruali, akaisuuza zipu kwa maji safi, akaipangusa kwa mswaki wa zamani. Mchanga ulitoka. Alipoivuta, ilikwenda hadi mwisho na kutulia.

"Mlango hauna kosa," alisema. "Kosa ni la bawabu."

Mama hakucheka. Alimkalisha Chiriku karibu yake.

"Ungeniambia zipu ni mbovu, ningekasirika, na ningeishia maji ya magoti. Uliponiambia imefika, nilikuamini, nikaenda mpaka kwenye kina. Mchanga umetoka kwa mswaki. Neno lako ndilo lililokuwa linanipeleka kule. Ukikosea, sema mapema, hata kama utagombezwa. Mimi najua pa kusimama nikiambiwa ukweli."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Suruali hii tutainunua, inafaa. Lakini muuza zana utamweleza wewe mwenyewe ilivyotumika."

Alimweleza, na safari ile hakuwa na maneno mengi.

Daktari alipokipima kifua cha mama akakikuta salama, kazi ilianza upya. Mama alivaa ile suruali, akavaa glavu, akasimama mbele ya binti yake.

"Nifungie, mwanangu."

Shangazi alinyoosha shingo aone. Mama alikuwa anaangalia mto.

Chiriku alivuta zipu. "Bado, mama, usiende," alisema. "Imebaki kidogo." Akaipangusa, akavuta tena, akapapasa mwisho wake kwa kidole. "Sasa imefika."

Mama akaingia majini bila kuinama kuitazama.