Behewa la Kumi na Mbili

Jioni hiyo nilitumwa gundi tu, wajukuu zangu. Kichupa kimoja cha gundi ya dukani, basi.

Nilikuwa na miezi mitano katika ndoa. Babu yenu alikuwa mshika bendera wa reli, na mtaa mzima ulimwita Bendera. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki miaka mitatu kabla yangu. Chumba cha nyuma aliweka treni yake ndogo aliyoiunda kwa mkono, kwa makopo ya samaki na vipande vya mbao: kichwa cha kukaza ufunguo kama saa, na mabehewa kumi na moja. Ndoano za mabehewa alizikunja kwa koleo, moja moja, kwa hiyo kila ndoano ilishikana vizuri na ya jirani yake tu. Ukilipeleka la makaa mahali pa la maji, treni inakatika kwenye kona na kumwagika mezani. Ndiyo maana chini ya kila behewa palibandikwa kikaratasi chenye namba.

Namba hizo aliziandika marehemu.

Mume wangu alipokuwa akiipanga, alilipindua behewa na kupitisha kidole gumba juu ya kikaratasi, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto chozi. Mimi nimesimama mlangoni na chai yake. Chai inapoa, mimi nachemka.

Siku hiyo wenzake wa kazini walikuwa waje saa mbili usiku kuiona treni. Mende walikuwa wameitafuna gundi ya zamani, iliyokwisha kupoteza ukali wake, na vikaratasi vilikuwa vinaning'inia. Akaniachia kazi ya kuvibandika upya, akaenda zamu. Wifi yangu alikuwapo nilipoagizwa hayo, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kaka, huyu hajui hata a. Atapanga nini, vitunguu?"

Nje akanisogelea, sasa hacheki. Akaniambia mdogo wao wa mwisho aliwahi kubadilisha mabehewa mawili kwa mchezo, na huu ulikuwa mwaka wa pili kaka yake hajaitikia salamu yake.

"Huyo ni ndugu wa tumbo moja," akasema. "Wewe wa miezi mitano utarudishwa kwenu na kapu lako."

Nilirudi na gundi jua likizama. Nikafunga mlango kwa komeo, nikawasha taa, nikaketi mezani.

Kikaratasi cha kwanza kilinibandukia mkononi. Mwandiko ulikuwa mzuri. Kusoma sikujua, lakini uzuri ule niliuona. Ukaniuma hapa, chini ya ziwa la kushoto. Nikabandua cha pili. Nikabandua cha tatu. Nilikuwa mshonaji, nina nyuzi za kila rangi, nikajiambia nitafunga uzi kwenye kila behewa, kila moja na rangi yake, halafu kidole chake kitapita juu ya kazi yangu mimi.

Vyote kumi na moja nikavitupa kwenye jiko la mkaa.

Vilipokuwa majivu ndipo nikakumbuka. Sijafunga uzi hata mmoja. Na mabehewa nimeyachanganya kama karanga kwenye ungo.

Nilijaribu. Ndoano hii na hii, zinagoma. Hii na ile, zinashika, nikivuta zinaachia. Jasho likanishuka mgongoni. Nikaliona kapu langu. Nikaiona njia ya kwetu, na mama yangu amesimama uani akiniuliza nimefanya nini.

Halafu nikasikia harufu...

Uji wa ngano. Ule wa kubandikia, uliopikwa ukashika chini. Na ndani yake, karafuu.

Jikoni sikuwa nimeweka chungu.

Nikainua macho. Upande wa pili wa meza alikuwa ameketi mwanamke. Amejitanda nguo ya kahawia, mikono yake juu ya meza. Vidole vilikuwa vyeupe kwa unga uliokaukia, mpaka kwenye kifundo cha pili.

Nikatazama mlango. Komeo lilikuwa mahali pake.

"Umevichoma," akanong'ona.

"Ndiyo, dada."

"Usilie, mdogo wangu. La makaa ndilo la kwanza."

Nikalifunga uzi mwekundu. Fundo nikalirudia mara tatu. Yeye hakugusa kitu, alionyesha kwa kidole tu, na kila behewa akalisemea neno. "Hili aliliunda wiki tuliyohamia hapa. Hili, mwaka alioumwa, nikimlisha kwa mkono. Hili alilikosea tukacheka mpaka majirani wakagonga ukuta." Aliongea kama mtu anayetoa nguo zake sandukuni moja moja mbele ya aliyeziiba. Mimi nafunga. Manjano. Buluu. Nyeusi.

Niliogopa, sitawadanganya. Lakini Mungu anisamehe, wivu ulikuwa mkubwa kuliko woga.

La kumi na moja lilipopata uzi, nikadhani tumemaliza.

"Fungua droo," akasema.

Droo ya mume wangu, ile ya misumari. Nikaifungua. Ndani palikuwa na behewa la kumi na mbili, la kijani, paa bado. Lilikuwa na dirisha, na dirishani pazia dogo kama ukucha. Nikalitambua lile pazia. Lilikuwa kipande cha gauni langu la harusi.

"Anakuundia kwa siri," akanong'ona. "Nipe hilo mimi. Nikiondoka nalo, humu ndani hamtaniona tena."

Nikalishika kwa mikono miwili.

"Hili langu."

"Ukilibakiza, na mimi nabaki."

Ningeweza kumpa. Kibati cha samaki tu. Bendera angeunda lingine, na mimi ningeishi peke yangu na mume wangu kama wanawake wengine. Lakini kumi na moja yote yalikuwa yake, na sasa anataka na hili?

"Baki," nikamwambia.

Taa ikapepesuka. Ilipotulia, kiti kilikuwa kitupu. Unga ulikuwa umebaki mezani, alama za vidole kumi.

Niliufuta kwa pindo la nguo yangu. Nikafunga uzi wa kijani kwenye behewa langu, nikaliunganisha nyuma ya la kumi na moja. Ndoano zikashikana kama zimezaliwa pamoja.

Bendera alikuja na wifi na wanaume watatu wa reli. Akalipindua behewa la kwanza, akauona uzi. Akalisogeza kwenye taa. Nikakaza miguu. Kidole gumba kikapita juu ya uzi, polepole. Kisha akafika kwenye lile la kijani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimelipenda. Nikamwambia nimelipenda.

Wifi alikuwa ananusa hewa.

"Nani kapika gundi ya karafuu humu? Aliyekuwa anaweka karafuu kuzuia mende ni..." Akalimeza neno. Akahamia kiti cha karibu na mlango.

Mume wangu akakaza ufunguo, treni ikaondoka. Haikukatika. Ilipinda kona kama nyoka, na wageni wakapiga makofi.

Pale reli ilipoungwa, kila behewa likivuka lililia. Kap. Nikayahesabu kwa furaha, maana la mwisho ni langu. Kap. Kumi. Kap. Kumi na moja. Kap. Kumi na mbili.

Kap.

Nikadhani nimekosea. Nikangoja mzunguko wa pili. Behewa la kijani likavuka, nyuma yake meza tupu.

Kap.

Wageni walikuwa wanaongea, hawakusikia. Wifi alikuwa ameshatoka nje, viatu mkononi. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinama, sikio karibu na reli, macho ameyafumba, naye anahesabu. Mzunguko wa tatu, la kumi na tatu lilipolia, akatabasamu.

Nimeishi naye miaka thelathini na minane, nikamzalia watoto sita. Tabasamu lile hakuwahi kunipa mimi.