Kiingereza cha Nurdini

Siku ya gulio pale Kibiti, duka la steshenari linalotazamana na stendi hujaa watu hadi barazani. Huyu anatoa kopi ya kitambulisho, yule anapigwa picha ya pasipoti, na wote wanagombea upepo wa feni moja. Siku moja ya mwezi wa tatu Mwalimu Kudra alisimama karibu na mashine ya kopi, amekumbatia mitihani ya kidato cha pili, mtandio wake wa rangi ya chungwa umemshuka mabegani kwa joto. Akasikia sauti ya mwanamume ikiuliza bila haya mbele ya watu wote:

"Jamani, humu ndani kuna anayejua Kiingereza?"

Watu waliangalia chini. Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa shati la drafti lililopauka kwa jua na chumvi. Vidole vyake vilikuwa na grisi ile isiyotoka kwa sabuni. Mkononi alishika kitabu cha mashine ya boti, kurasa zimevimba kwa kuloa maji.

"Mimi nafundisha Kiingereza," Kudra alisema. "Ila mashine sizijui."

"Basi tutaelewana, mwalimu. Mimi mashine nazijua, Kiingereza ndicho kinanikimbia."

Wakakaa kwenye benchi nje. Kudra alisoma, yule kijana akasikiliza huku amefumba macho kama anayesikiliza injini.

"Hapa wanasema, kama 'idle' ikiwa kubwa, punguza. 'Idle' ni kukaa bure bila kazi. Uvivu."

"Mashine haina uvivu. Hebu soma tena."

Akasoma tena.

"Aa, hiyo ni sailensa. Injini inanguruma palepale, haijaingizwa gia." Akafumbua macho, akamtazama usoni. "Unaona? Ungekuwa fundi, ungeniua baharini."

"Na wewe ungekuwa mwalimu, ungewafelisha watoto wa watu."

Walicheka. Alimwambia anaitwa Nurdini, anatengeneza mashine za boti kule Kiongoroni, mwisho kabisa wa delta, karibu na bahari. Kabla hajaondoka aliomba namba ya simu, endapo kitabu kitamshinda tena.

Kitabu kilimshinda mara nyingi. Kila jioni alikuwa na neno la kuuliza, na baada ya mwezi hakuwa na haja tena ya kisingizio.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, fundi wangu?"

"Mimi nasubiri kula sauti yako. Mtandao huku uko penye gogo moja tu. Nikisogea hatua mbili, nakupoteza."

"Basi usisogee."

"Sisogei. Mbu wananimaliza, lakini sisogei."

Hivyo ndivyo alivyoongea. Alikuwa na Kiswahili kinachomfanya mtu azime taa na kubaki anatabasamu gizani. Alimwambia atakuja kujitambulisha kwao akimaliza kujenga chumba cha pili. Kudra alimwamini. Mfanyabiashara mmoja wa Ikwiriri, Twalibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alituma posa mara mbili kupitia kwa baba mdogo wa Kudra, mzee Sadala, aliyekuwa msimamizi wake tangu baba yake afariki. Mara zote mbili Kudra alijibu kwamba bado anafikiri.

Mwezi wa tisa Nurdini alifika shuleni bila taarifa, na ndoo ya kaa wa matope, shati limepigwa pasi mpaka limesimama. Ilikuwa saa tisa alasiri. Aliingia ofisi ya walimu, akajiweka sawa, akasema kwa sauti ya kujiamini:

"Good morning, teachers."

Ofisi nzima iliangua kicheko. Mwalimu mmoja akadakia, "Shemeji, huko kwenu ndiyo kwanza kunakucha?" Kudra naye alicheka. Alijaribu kujificha mdomo kwa mtandio, lakini alicheka, na Nurdini alimwona. Naye akacheka kidogo ili mambo yapite. Chai aliyowekewa hakuigusa, akasema anawahi maji kabla hayajapwa.

Baada ya siku ile simu zilipungua. Akipiga, anaongea mafupi: yuko na kazi, mashine za watu zimemzidi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kudra alikuwa akiitazama simu yake mezani kama mtu anayetazama mlango. Siku ya Jumatano, akiwa jikoni kwao anakuna nazi, ujumbe ukaingia. Aliukausha mkono kwenye kanga, akausoma.

"Dear Kudra. I used to love you. I used to think about you every day. Nothing can change. Nurdini."

Aliusoma mara tatu. "Used to" alikuwa anaifundisha kila mwaka, ubaoni, kwa chaki ya rangi. Hutumika kwa jambo lililokuwa likifanyika zamani na sasa limekoma. Nilikuwa nakupenda. Nilikuwa nakuwaza kila siku. Na hakuna kinachoweza kubadilika. Ameyasema kwa Kiingereza, Kudra aliwaza, ili asiyasikie mwenyewe yakitoka mdomoni mwake.

Akajibu kwa lugha ileile: "I understand. Thank you for being honest. All the best."

Alisubiri apigiwe. Hakupigiwa. Kesho yake alipiga yeye, namba haikupatikana. Siku ya tano alimfuata mama yake, Bi Subira, aliyekuwa akianika mchele uani.

"Mama, mwambie baba mdogo wale watu wa Ikwiriri waje."

Mama alimtazama machoni. "Yule wa maji ya chumvi?"

"Yameisha."

Ujumbe ulipelekwa, na wazee wa Twalibu wakatoa ahadi ya kuja Jumapili baada ya swala ya alasiri, kupanga siku ya ndoa.

Alhamisi, saa sita mchana, Kudra alikuwa ofisini anasahihisha madaftari ya kidato cha kwanza. Aliwapa waandike sentensi tano juu ya maisha yao ya kila siku. Kalamu nyekundu ilikuwa inakwenda yenyewe. "I used to wake up at five o'clock." Kosa. "I used to help my mother." Kosa. Akafika kwenye daftari la binti mmoja, mtoto wa mwalimu wa madrasa, hodari wa kuhifadhi Kurani: "I used to pray five times every day."

Kudra akaandika pembeni: Kwani umeacha?

Mkono ukabaki hewani.

Huyu mtoto hajaacha kuswali. Jana yake adhuhuri Kudra alimwona bombani akitawadha. Alichotaka kusema ni kwamba huwa anaswali. Darasa zima lilitaka kusema huwa: huwa naamka, huwa namsaidia mama. Miaka sita sasa alikuwa analifuta kosa hilo kwa wino, kila mwaka kwa watoto wapya, na lilipomjia kwenye simu kutoka kwa mtu anayempenda hakulitambua.

Alifungua ule ujumbe na kuusoma upya kwa masikio ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Kisha akatoka nje, akapiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena mpaka kengele ya kipindi ikalia.

Jioni alisimama mbele ya mama yake na baba mdogo Sadala na kueleza. Mzee Sadala alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, na alipokasirika alizidi kuwa taratibu.

"Kwa hiyo neno ulilotupa Jumatatu unalichukua tena leo."

"Ndiyo, baba."

"Kwa sababu ya sarufi."

"Kwa sababu nilikosea kusoma."

"Usiache mbachao kwa msala upitao," mama yake alisema kwa sauti ya chini. "Twalibu yupo, ametuma watu mara mbili. Huyo mwingine hata simu yake haiiti."

"Sikiliza," mzee Sadala akasema. "Jumapili watu wa ukoo wote watakuwa hapa. Kama kijana huyo yupo kweli, aje na mtu wake mzima kabla ya alasiri. Asipokuja, mimi sitaketi kikao kingine kwa ajili yako. Utajiozesha mwenyewe."

Kudra alijua kwamba baba yake mdogo hatishii.

Jumamosi, mara baada ya swala ya alfajiri, bodaboda ilimfikisha Nyamisati, na hapo akapanda boti ya fiba iliyokuwa inapeleka unga na saruji Kiongoroni. Alivaa baibui jeusi na viatu vya plastiki. Nahodha alimwambia mapema: tukifika tunashusha mzigo, saa moja tu, tunarudi na maji hayohayo. Atakayechelewa atalala huko.

Mikoko ilipita pande zote mbili, mizizi ikining'inia juu ya tope. Mara mbili boti iligusa chini na wanaume wakashuka kuisukuma. Kudra alikaa juu ya gunia, anapanga maneno, na kila alipoyapanga yaliporomoka.

Alimkuta Nurdini chini ya banda la makuti, mashine imefunguliwa mbele yake, vipande vimepangwa juu ya turubai. Alikuwa amekonda. Alipomwona hakuinuka.

"Mwalimu. Umekuja kunisahihisha?"

"Nimekuja kukuuliza. Ule ujumbe ulitaka kusema nini?"

"Si ulijibu kwamba umeelewa?"

"Sikuelewa. Niambie kwa Kiswahili."

Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.

"Nilinunua kamusi. Wiki tatu nakaa hapa na kamusi, watu wananicheka. Nikatafuta neno kuzoea. Nikalikuta: 'used to'. Nikaandika kwamba nimezoea kukupenda. Nimezoea kukuwaza kila siku, na hakuna kinachoweza kubadilisha hilo. Ukanijibu kila la heri, kama mtu anayesafiri. Nikazima simu."

Kudra akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimweleza. Nimezoea kukupenda ni "I am used to loving you." Bila ile "am", na "loving" ikiwa "love", maneno yanageuka, yanakuwa nilikupenda zamani, sasa basi. Alisema polepole, macho yake chini, na Nurdini alisikiliza bila kumkatiza.

"Kaneno kamoja," alisema mwishoni.

"Kamoja."

"Sasa na mimi nikuulize." Sauti yake haikupanda, lakini ilikuwa imekaza. "Miezi sita nimekusemesha Kiswahili, kila jioni, nimesimama kwenye gogo na mbu. Nikakuandikia mistari mitatu ya Kiingereza. Ukaiamini mistari mitatu, ukaiacha miezi sita. Kwa nini?"

Kudra alijibu:

"Kwa sababu nilikucheka pale ofisini. Nikajua uliniona. Ujumbe ulipokuja, nikaona nimestahili."

Nurdini aligeuza uso upande wa maji.

"Nimesikia habari za mtu wa Ikwiriri," alisema.

"Ni kweli. Nilikubali mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Nitampigia leo nikipata mtandao, nimwambie hapana. Hilo nitalifanya uje au usije."

"Nije wapi?"

Akamweleza masharti ya mzee Sadala. Kutoka gatini nahodha alipiga filimbi. Maji yalikuwa yameanza kusimama.

"Nurdini."

"Nenda, boti itakuacha."

"Hujanijibu."

"Nimekasirika, Kudra. Sijui kujibu nikiwa nimekasirika."

Alirudi na boti, mtandio umeloa chumvi, na hakujua kama alikuwa amepata kitu au amepoteza. Nyamisati, mtandao uliporudi, alimpigia Twalibu. Alimwambia ukweli wote bila kuupamba.

"Afadhali umeniambia kabla wazee wangu hawajavaa kanzu," Twalibu alisema, na akakata simu kwa upole.

Jumapili, nyumba ya Bi Subira ilijaa majamvi na watu. Adhuhuri ikapita. Shangazi mmoja akauliza pilau ipakuliwe au isubiri. Saa tisa mzee Sadala alitazama saa ya ukutani, akakohoa. Kudra alikaa chumbani, gauni la kitenge cha samawati, wanja umechorwa na mama yake. Saa tisa na nusu adhana ya alasiri ilianza msikitini, na wanaume wakaanza kuinuka mmoja mmoja kutafuta viatu.

Pikipiki ilisimama nje. Zilisikika sauti mbili, moja ya mtu mzima ikipiga hodi.

Alikuwa mzee mmoja mnene, mjomba wa Nurdini, akiitwa Hemedy, kanzu imekunjwa mpaka magotini na miguu imejaa tope lililokauka. Nyuma yake alisimama Nurdini, tope mpaka mapajani.

"Mtuwie radhi," mzee Hemedy alisema. "Maji yalitukimbia, tukatembea. Tumekuja kuomba, na tumekuja tumechelewa. Kama kuna aibu, ni yetu."

Mzee Sadala aliwatazama miguu, kisha nyuso. "Osha miguu, ndugu yangu, tukaswali. Tukirudi tutazungumza."

Wanaume walipotoka kwenda msikitini, Nurdini alibaki nyuma kidogo, akimimina maji ya kopo miguuni karibu na mlango wa uani. Kudra akatokea pale.

"Umekuja," alisema.

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Huenda ikafika Ijumaa."

"Nitasubiri."

Nurdini akainua macho, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa, kuanzia wanja mpaka upindo wa gauni. Uso wake ukalegea kidogo, kama uzi uliokuwa umevutwa ukaachiwa.

"Usikae kusubiri," alisema, akichukua kandambili zake. "Kamwambie mama chai ya mjomba isitiwe sukari. Ana kisukari, na akikaribishwa huwa hakatai."