Mgongo Chini ya Nyumba ya Mudachi

IJUMAA, SAA KUMI JIONI

Chumba cha nyuma ya duka la Mamy, Kabambare. Dirisha limezibwa kwa gunia. Roger alichora Nyumba ya Mudachi sakafuni kwa mkaa, akaweka kizibo cha chupa mahali penye dhahabu.

Walikuwa watatu tu. Roger, mkubwa wao, mtu wa kucheka kwa meno bila macho. Pitchou, miaka ishirini na miwili, aliyemfuata Roger popote. Na Muzaliwa, kaka yake Pitchou, fundi wa kusimamisha miti kwenye mashimo ya dhahabu ya Lusangi ili udongo usiwafukie wachimbaji. Muzaliwa hakuitaka kazi hii hata kidogo. Lakini Pitchou alikuwa ameshakubali, na mama yao alipokuwa anakata roho alimwachia Pitchou mikononi mwake. Basi angebakije nyuma?

Mpango walipewa bure. Muzee Placide, mtunzaji wa nyumba, huwatembeza wageni kila Jumapili na kuwamwagia historia yote, uulize usiulize. Mdachi, yaani Mjerumani, alikuja baada ya vita ya kwanza kulima kahawa, akajenga hapa kilimani nyumba kama ya baba yake kwao. Paa la mteremko mkali ili theluji iteleze. Theluji yenyewe bado tunaingoja. Chumba cha chini, nusu yake ardhini, cha kuhifadhi divai. Maseremala wa hapahapa, Wamaza, walichonga namba kwenye kila mti. Miti ndiyo inayobeba nyumba, Placide alisema akiupiga ukuta kofi. Matofali yanajaza nafasi tu. Yatoe yote, nyumba itasimama vilevile.

Sasa nyumba ilikuwa imepangishwa kwa Nourdine, mnunuzi wa dhahabu, na sanduku lake lilikaa palepale penye divai. Kesho Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya wote. Saa moja hadi saa nne kila mtu anafagia barabara, hata walinzi wa Nourdine, maana anayekosekana chifu anamfunga. Nyuma ya nyumba hakutakuwa na mtu.

"Tunatoa matofali, tunaingia, tunatoka," Roger alisema. "Iko mutu mwenye swali?"

Muzaliwa alikuwa nalo. Akaitia patasi yake mfukoni.

JUMAMOSI, SAA MBILI NA ROBO

Upande wa mbele mafagio yalikwaruza na wamama walicheka. Huku nyuma Muzaliwa alichokoa chokaa kwa patasi. Matofali yalitoka kirahisi mno. Hilo halikumpendeza.

Huko Lusangi huuamini mti kabla hujaugonga. Akaigonga nguzo kwa kifundo cha kidole. Ikajibu tupu. Akaichoma kisu, kikazama hadi mpini. Rangi nje, mchwa na udongo ndani.

"Roger. Huu muti umekufa. Matofali ndiyo yanabeba nyumba."

"Muzee alisema miti."

"Muzee anasema habari za zamani. Nipe dakika ishirini nisimamishe muti mwingine."

Roger alitazama saa yake. "Ishirini hatuna. Pitchou, ingia."

"Mudogo wangu, usiingie."

Pitchou alimtazama Roger, si kaka yake. Akainama, akaingia.

SAA TATU KASOROBO

Ndani, Roger na Pitchou walilivunja sanduku. Roger akatangulia kutoka, mfuko wa dhahabu kifuani, bega lake likaigonga nguzo. Sehemu ya chini ikamwagika kama unga. Boriti ikashuka shubiri nzima, matofali yakaporomoka ndani, Pitchou akalia. Muzaliwa hakufikiri. Alijikuta ameingiza mgongo chini ya boriti.

"Yaya, mguu! Umebanwa!" Pitchou alimwita kaka yake.

Gogo zuri lililala hatua kumi pembeni. Muzaliwa alimwomba Roger amsogezee, hilo tu. Roger aliliangalia gogo. Akauangalia mfuko. Halafu pikipiki yake ikanguruma, ikashika njia ya Kasongo.

SAA TATU

Boriti ilizidi kumlemea Muzaliwa. Akitoka, nyumba inamfukia Pitchou. Akibaki, magoti haya hayafiki saa nne. Aliita msaada mara mbili, tatu. Mafagio yakaendelea kukwaruza.

Liko neno moja linalosimamisha fagio Kabambare. Muzaliwa alilijua. Alijua pia anachofanyiwa mtu aliyeitiwa neno hilo. Alikiona Lusangi mwaka jana, akashindwa kula siku mbili. Aliogopa hadi mkojo ukamtoka.

"Yaya, usiniache."

Akavuta pumzi.

"Mwizi!" alipaza sauti. "Mwizi! Huku nyuma! Mwizi!"

Mafagio yakanyamaza.

SAA TATU NA DAKIKA TANO

Walikuja na majembe na mapanga yao ya salongo. Kijana mmoja alishainua panga Placide alipojitupa katikati.

"Mutu asimuguse. Ukimukata, nyumba inaanguka."

Kisha akamgeukia Muzaliwa. "Nani aliwaambia mutoe matofali?"

"Wewe, muzee. Jumapili."

Placide aliitazama nguzo iliyomwagika. Mlangoni kuna kibao cha serikali: nyumba hii inalindwa, msumari hautiwi wala hautolewi bila barua. Miaka mitatu alikuwa akiiomba hiyo barua ili abadilishe nguzo ileile. Haikuja. Akaipaka rangi.

Lile gogo likaletwa. Hakuna aliyejua kulisimamisha, ikabidi Muzaliwa awafundishe, jasho likimwingia machoni. Ubao chini kwanza. Kata kidogo juu. Gonga polepole, lisilale upande. Wawili wakaingia, wakamtoa Pitchou, mguu unaning'inia, amezirai lakini anapumua.

"Huyo nilimulazimisha mimi," Muzaliwa alisema. "Mwizi ni mimi."

Wamama wakambeba Pitchou. Muzaliwa alimsindikiza kwa macho hadi wakazunguka kona ya ukuta.

Gogo likagongwa mara ya mwisho. Uzito ukamtoka mgongoni. Yule kijana mwenye panga hakuwa ameondoka.

"Imeshikwa sasa," Placide alisema kwa sauti ndogo. "Unaweza kuachia, mutoto wangu."

Muzaliwa alibaki ameinama palepale, mikono yote miwili juu kwenye boriti. Hakuachia.