Tabibu Asiyeanguka

Duka la dawa lilifurika watu, na mchora ramani alipovuta pochi mfukoni, dadu lake la nyuso ishirini lilichomoka, likabingirika sakafuni mpaka chini ya kiatu cheupe cha mpira. Mwenye kiatu alikuwa muuguzi, bado yumo ndani ya sare yake ya buluu, kitambaa cha manjano kichwani, fuko la dawa mkononi.

"Samahani dada, umenikanyagia dadu."

Aliliokota. "Hili ni dadu? Nilidhani pipi."

"Tunachezea hadithi."

"Hadithi inachezwaje, kaka yangu?"

Foleni haikuwa na haraka, basi akamweleza. Kila Jumamosi mchana wanakutana mezani. Kila mtu ana mhusika wake, anamsemea na kumwamulia. Msimulizi, ambaye ni yeye, anawapangia mapango na maadui, na likija jambo gumu, dadu ndilo linaloamua kama mhusika ataweza au atashindwa. Muuguzi alisikiliza huku akiligeuzageuza dadu kiganjani, kisha akauliza, "Na mtu akiumia, nani anamtibu?"

Hakuna mgeni aliyewahi kumwuliza hivyo. Kijana huyo mchora ramani akawa amekwisha kwa mapenzi hapo hapo, mbele ya kaunta.

Akamwalika, na Jumamosi ile muuguzi alikuja, amevaa gauni la kijani na hereni ndogo, katika chumba kilichoko juu ya karakana ya fundi friji. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" fundi alimpokea, na mgeni akalichukua neno lile kwa uzito wake: mhusika wake akawa tabibu. Fundi alikuwa na shujaa mwenye shoka. Mwalimu wa hesabu, mama mkavu wa maneno, alikuwa na mwizi wa funguo.

Mapenzi yakashika kasi, simu kila usiku. "Umekula, laazizi?" "Nimekula. Nawe umelala?" "Nitalalaje na sauti hiyo sikioni?" Lakini kila kijana aliposema aje kumsaidia kumuuguza baba yake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza, jibu lilikuwa lile lile: "Usijali mpenzi, nimeshamaliza."

Mezani nako tabibu alizidi kukua. Shujaa akianguka, anamgusa, anainuka. Mwizi akinyweshwa sumu, anamgusa, anainuka. Mwisho hakuna aliyeogopa kitu.

"Tumekuwa abiria," mwalimu alimwambia msimulizi pembeni. "Leo sijarusha dadu hata mara moja. Huyo mchumba wako amalize hadithi peke yake."

Kijana alikaa kwake akapima nguvu za tabibu na za wenzake, akaona kweli zimezidi. Kosa lake halikuwa hesabu. Kosa lilikuwa kungoja Jumamosi, watu wote wamekaa, ndipo aseme: "Tabibu wako ametuzidi. Kuanzia leo mguso wake utafanya kazi mara moja tu kwa kila safari."

Muuguzi alimtazama. "Umeamua lini?"

"Juzi."

"Juzi tumeongea mpaka simu zikachemka. Hukusema."

"Sikutaka kukuudhi."

"Ukaona uniudhi mbele za watu." Aliweka dadu mezani taratibu, akachukua mkoba wake, akashuka ngazi.

Simu hazikupokelewa. Kijana aliumia, tena aliumia kweli, mpaka mistari ya ramani ikamkataa. Alipopokelewa hatimaye, alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni.

"Wodini nawagusa watu hawainuki," alisema muuguzi. "Nyumbani namgusa baba, hainuki. Pale mezani tu ndipo mtu alikuwa anainuka. Nawe ukaninyang'anya."

Kijana aliisogeza ramani kando. "Nisamehe. Nilipima nguvu zake, sikukuuliza unazitakia nini. Jumamosi nitalisema hilo mbele yao wote."

"Sawa."

"Lakini na mimi nikuulize. Tangu tujuane, umewahi kuniachia nikubebee hata fuko la dawa?"

Maji yalikoma kumiminwa.

"Mwalimu hana shida na nguvu zako, mpenzi. Anachosema ni kwamba hapati la kukufanyia. Na mimi vivyo hivyo."

Simu ikakatika.

Jumamosi muuguzi alikuja kwa kuchelewa, macho mazito. Kijana alisimama, akaomba radhi mbele ya wote, akamrudishia tabibu mguso wake wote. Muuguzi alitikisa kichwa.

"Mguso ubaki. Ila kila jeraha analoliponya, limwingie yeye. Na akianguka, asiweze kujiinua."

"Nani atamwinua?" aliuliza mwalimu.

"Sijui," alisema. "Nyinyi."

Wakacheza. Pangoni shujaa alianguka, tabibu akamwinua. Mwizi akaanguka, akamwinua. Kisha tabibu akaanguka, na kwa mara ya kwanza meza ile ikaogopa.

"Mwizi wangu hajui dawa," alisema mwalimu, amelishika dadu kwa mikono miwili. "Namvuta tu. Siachi." Akarusha. Tatu. Haikutosha.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," fundi alisema, bila kucheka. "Na shujaa anamshika upande wa pili. Rusha tena, mwalimu."

Dadu lilizunguka, likasita, likalala kwenye kumi na saba. Mwalimu alipiga ukelele kama mtoto. Muuguzi alijifunika uso kwa viganja akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Walipokuwa wakishuka ngazi alimpa kijana fuko la dawa, bila kumtazama.

"Jumatatu baba ana kliniki. Lifti ya kwetu ni mbovu, na ngazi ni nyingi."

"Umepata nani wa kukusaidia?"

"Mimi nitashika mabega," alisema. "Wewe shika miguu."