Sukari ya Jérôme

Kila Ijumaa, akishatwanga ndizi za lituma ya mchana, Mama Virginie alifunga kitambaa kichwani na kwenda posta ya Makiso kuuliza barua. Mara nyingi alirudi mikono mitupu. Mwanawe Jérôme alikuwa Ulaya mwaka wa pili sasa. Alisoma huko na kufanya kazi katika maabara. Alipoondoka, mkewe Agathe alikuwa na mimba. Sasa mtoto wao, Berthe, alikuwa anatembea, na baba yake hajamwona hata siku moja.

Virginie alimwonea mwanawe hamu mpaka chakula kikakosa ladha. Chini ya kitanda aliweka kopo lenye kilo moja ya sukari. Mwaka ule wa 1989 sukari ilikuwa adimu Kisangani, lakini yeye hakuigusa. Jérôme alipenda chai tamu, na siku ya kurudi angeikuta. Nyumbani walikunywa chai bila sukari. Aliyenung'unika alijibiwa kwa jicho tu.

Barua ya mwisho ilimvunja moyo. Agathe alimsomea kwamba Jérôme anashughulika na mayai ya vyura.

"Njo kazi gani hiyo?" Virginie alisema. "Nilimusomesha ju arudi atusaidie. Kumbe banamuweka alinde mayai ya chura."

Jumatatu, Berthe akaanza kuhara. Siku ya kwanza walidhani ni meno. Siku ya pili macho yake yaliingia ndani, midomo ikakauka, akalia bila machozi. Virginie aliwahi kusikia kwenye kituo cha afya kwamba mtoto anayehara apewe maji ya chumvi na sukari. Alichemsha maji, akayapoza, akatia chumvi. Sukari akaiacha.

Mtoto hakupata nafuu. Agathe akamwita jirani yao, Papa Lambert, muuguzi wa kituo kile. Lambert alifinya kidogo ngozi ya tumbo la mtoto. Ngozi ilirudi polepole.

"Mama, mulimupa nini?"

"Maji ya chumvi, tangu asubui."

"Na sukari, mulitia?"

Virginie akatazama chini. "Sukari ni ya utamu tu, Papa Lambert. Mutoto anakunywa hata bila utamu. Na ile iko ya Jérôme."

"Hapana, mama. Haiko ya utamu. Chumvi peke yake inapita mubaya mu tumbo ya mutoto mwenye kuhara. Inabakia mule, na maji inatoka tena."

"Nani aliona?" Virginie akauliza. Hakuwa mchoyo. Alilishikilia kopo lile kama mkono wa mwanawe.

Agathe hakubishana. Aliingia chumbani, akatoka na ile barua, akasoma taratibu sehemu ambayo Virginie hakungoja kuisikia siku ile:

"Mama, mu tumbo ya kila mutu kuko milango midogo sana, jicho haiwezi kuiona. Mulango moja inapitisha chumvi na sukari pamoja, na maji inafuata nyuma. Hapa tunatwaa maagizo ya mwili wa mutu, ile inaonyesha namna ya kutengeneza ule mulango. Tunaiingiza mu yai ya chura, na yai inatengeneza mulango ya mutu. Alors, tunaipima. Tukitia sukari bila chumvi, ao chumvi bila sukari, haipite muzuri. Tukitia zote mbili, inapita."

"Bon, mwana wako njo aliona," Lambert akasema kwa upole.

Virginie aliingia chumbani. Aliinama, akalivuta kopo, akarudi nalo, akalifungua.

Lambert akamwonyesha. Lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa. Sukari vijiko vidogo sita, kila kimoja kimesawazishwa kwa kisu. Chumvi nusu ya kijiko kilekile, isizidi hata kidogo, maana chumvi nyingi ni hatari.

"Mumupe kidogo kidogo na kijiko," alisema. "Akitapika, mungoje dakika kumi, muanze tena. Agathe, usimukatize ziwa, aendelee kunyonya. Akilegea ao akikatala kunywa, mumupeleke hospitali saa ileile."

Agathe alimpakata, Virginie akamnywesha mchana wote uliobaki. Kabla ya jioni Berthe alikojoa, akakilowesha kitenge cha bibi yake, na Virginie akamshukuru Mungu kwa sauti. Alhamisi mtoto aliomba lituma. Tangu hapo wanawake waliokutana na Virginie bombani walisikia somo moja: chumvi na sukari, vyote viwili, kwa kipimo.

Kisha akamwambia Agathe atwae kalamu, aandike maneno yake vilevile alivyoyasema:

"Jérôme mwana wangu. Nilichukia kazi yako ju ilikutwaa. Sasa kazi yako imekutangulia kufika hapa nyumba, imemuponesha mutoto wako. Sukari tuliitumia, usinikasirikie. Berthe anajua kusema papa. Lakini anaita vile kila mwanaume mwenye anapita mu njia. Kuya nyumba, umuonyeshe papa wake."